Mbio, Kuogelea na Uwezo wa Mwili: Mada ya Semina kwa Wakufunzi wa Vijana, Kamenge, Bujumbura

Msuli hauli wali wala ugali. Unatumia kemikali moja tu, ATP, na akiba yake haitoshi hata sekunde chache za kujitahidi sana. Ndiyo maana mwili huiunda upya muda wote, kwa njia tatu. Fosfati ya kreatini ina kasi kuliko zote, lakini huisha katika sekunde kumi hivi. Njia ya pili huvunja sukari bila kungoja oksijeni, na ndiyo hubeba mzigo mkubwa katika juhudi kali za nusu dakika hadi dakika moja. Ya tatu, ya oksijeni, huchelewa kushika kasi ila hudumu. Zote huanza pamoja. Kinachobadilika ni mgawo.

Mgawo huo unaonekana katika historia ya Burundi kwenye Olimpiki. Nchi iliposhiriki kwa mara ya kwanza, Atlanta 1996, Vénuste Niyongabo alishinda dhahabu ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Katika mbio za urefu huo, zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za nishati hutokana na oksijeni. Waogeleaji wa Burundi waliofuata, kwa upande wao, wameshiriki mara nyingi mita 50 za mtindo huru, shughuli ya nusu dakika hivi. Hapo oksijeni ina sehemu ndogo, na mazoezi ya mkimbiaji wa masafa hayamsaidii sana muogeleaji huyo.

Kipimo rahisi cha mgawo hakihitaji mashine. Vikundi vya mbio za Jumamosi asubuhi mjini Bujumbura hukimbia vikiimba. Anayeitikia wimbo bila kukatika bado anatosheka na oksijeni anayovuta. Kikundi kinapopanda mlima kuelekea mashariki, waitikiaji hupungua mmoja mmoja, mwishowe hubaki makofi na kuhema: pumzi imeacha kutosha, laktati itokanayo na njia ya pili inaongezeka katika damu. Laktati yenyewe si sumu, kwa kuwa moyo na misuli huitumia kama chakula. Maumivu ya kesho yake hutokana na michaniko midogo ya nyuzi za misuli, ingawa wakufunzi wengi bado huilaumu laktati.

Maji yana kanuni nyingine. Uzito wake kwa ujazo ni takriban mara 800 ya hewa, na ukinzani hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiwa maradufu, ukinzani huwa mara nne, na nguvu inayotakiwa mara nane. Kwa hiyo kinachoamua ni umbo la mwili majini kabla ya nguvu ya mikono. Kijana anayecheza mpira dakika 90 kwenye uwanja wa Kamenge akiingia Ziwa Tanganyika huishiwa pumzi baada ya mita 25 tu. Moyo wake ni mzima kabisa. Ila mapafu yenye hewa humwinua kifua, miguu yenye misuli mizito huzama, nyonga hushuka, na anasukuma maji kwa mwili mzima. Zaidi ya hayo anabana pumzi. Hatoi hewa akiwa ndani ya maji, hivyo akiinua kichwa hana muda wa kuvuta nyingine. Kwa mwanafunzi kama huyu, wiki za kwanza zitumike kupuliza mapovu na kulala juu ya maji. Shinikizo la maji nalo husukuma damu kuelekea kifuani, hivyo mapigo ya moyo huwa chini kwa takriban kumi kwa dakika. Viwango vya mapigo vilivyopimwa barabarani visitumike bwawani.

Swali la mwinuko huulizwa kila mara. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Kamenge juu yake kidogo. Kambi za kuongeza chembe nyekundu za damu, kama Iten nchini Kenya, ziko juu ya mita 2,000. Kukaa Kamenge, basi, hakuongezi chembe hizo. Faida ya Bujumbura ni joto: mazoezi ya siku 10 hadi 14 katika joto huongeza maji ya damu, na jasho huanza kutoka mapema. Maji ya kunywa yawepo, kwani jasho laweza kuzidi lita moja kwa saa.

Ziwani kuna viboko na mamba, na kwenye nyasi za pwani kichocho. Kichocho na malaria hupunguza damu, jambo linalogusa uwezo moja kwa moja. Gramu moja ya hemoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni: mwenye gramu 15 katika mililita 100 za damu hubeba mililita 20, mwenye gramu 9 hubeba 12 tu. Kijana anayerudi nyuma bila sababu ya kuonekana apimwe wingi wa damu, katika hospitali ya chuo kikuu iliyo hapa Kamenge au kituo cha afya kilicho karibu naye, kabla ya kuongezewa mazoezi.