Tumesikia, Tujibu

Kwa masafa mafupi Papa Pio XI aliuhutubia ulimwengu tarehe 12 Februari 1931. Mawimbi yake hurudishwa na tabaka la juu la anga, hata yakavuka bahari.

Wapo wapenzi wa redio wanaoyatafuta usiku. Sauti hufifia, makelele huifunika, nao hawachoki. Wakiisha kuinasa, hukiandikia kituo saa, mita na habari walizosikia. Kituo kikihakikisha, huwapelekea kadi ya uthibitisho.

Nasi tunalisikia Neno kila Dominika. Taarifa yetu iko wapi? Itasomwa na jirani aliye mgonjwa, na mjane anayedaiwa kodi ya nyumba. Tukiwapita hao, nani atathibitisha kwamba tulisikia? Twendeni kwao leo. Amina.