Fundi Cherehani na Muuguzi



Mwaka 2020, korona ilipozifanya nchi nyingi zigombee mavazi ya kujikinga, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kujishonea yake. Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, kila tundu la sindano hupitisha majimaji yenye vijidudu, hivyo mishono sharti izibwe. Na hatari kubwa humngoja mhudumu wakati wa kuvua. Muuguzi aliyejifunika gubigubi katika joto la Dodoma hulowa jasho upesi. Akijipangusa uso kwa glavu, vazi lote limekuwa bure. Basi fundi na amwite muuguzi karibu na cherehani, amsikilize.

Homa ya Marburg ilipozuka Kagera mwaka 2023, miongoni mwa watu 6 waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 ikatangazwa hapa hapa Dodoma kwamba imezuka tena, Biharamulo. Mara nyingi mgonjwa wa kwanza hubisha hodi kwenye zahanati, mfano wa hizi zetu za Kongwa na Mpwapwa. Nawauliza watunza bohari: katika kabati la zahanati hizo, leo hii, yamo mavazi mangapi?