Vidonge vya Siku 28

Leo tunawaacha ng'ombe na kuku wapumzike. Zamu ni ya mbwa, tena mbwa yule ambaye wengi humpita: aliyeokotwa barabarani akiwa mgonjwa, na sasa yuko kwenye makazi ya wanyama akisubiri mtu wa kumchukua.

Wangu nilimpata hivyo. Jike la rangi ya ngano, mbavu unazihesabu, masikio yamejaa kupe walionenepa kama mbegu za mbarika. Waliomtunza hawakunificha kitu. Walisema damu yake imepimwa, ana ugonjwa wa kupe, ameanzishiwa vidonge, na dozi ni siku 28. Niliitikia upesi.

Siku ya tatu alisimama mwenyewe. Siku ya tano akabweka getini. Siku ya tisa mzee anayetulindia usiku akaniambia, "Mama, huyu kashapona. Dawa ya nini tena?" Nikaona asemalo ni kweli, nikaacha. Kosa lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyepewa maelezo. Miezi ikapita. Asubuhi moja nikakuta matone ya damu toka kwenye kibanda chake hadi kwenye beseni la maji. Damu ilikuwa inamtoka puani.

Ngoja nikueleze kilichotokea ndani ya mwili wake. Ugonjwa huu madaktari huuita erlikiosisi. Unaletwa na bakteria, Ehrlichia canis, anayebebwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Kupe akishika ngozi na kunyonya kwa saa chache tu, anaweza kuwa ameshamwingiza. Bakteria huyo huingia kwenye chembe nyeupe za damu, zile zile zilizopaswa kumpiga vita, akajificha humo. Wiki moja hadi tatu baadaye mbwa anapata homa, anakataa chakula, tezi zinavimba. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu tunapojikata, zinapungua.

Halafu kinakuja kimya, na hapo ndipo mimi nilipoponzwa. Mbwa anakula, anabweka, anakimbiza paka. Bakteria wako kwenye wengu wake wametulia, na wanaweza kutulia hivyo miezi au hata miaka. Mbwa wengine mwili wao huwamaliza wenyewe. Wengine huingia hatua ya tatu: uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza damu, na mbwa anaanza kuvuja puani, kwenye choo, chini ya ngozi.

Dawa anayopewa, doksisaiklini, kazi yake kubwa ni kuwazuia bakteria wasizaane. Homa hushuka ndani ya siku moja hadi tatu, wakati bakteria wengi bado wamo. Kwa hiyo siku ya tisa nilichokiona ni dawa ikifanya kazi, nikakiita kupona.

Kidonge hiki mpe baada ya chakula, na uhakikishe amekunywa maji au amemeza tonge juu yake, kwa sababu kikikwama kooni kinachoma na kuleta vidonda. Ugali kwa dagaa wa kuchemsha unafaa, na maini kidogo. Lakini mchuzi uliobaki mezani usimpe. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na huyu tayari damu haimtoshi. Dawa za maumivu za binadamu pia hapana: ibuprofeni humtoboa tumbo na kuua figo zake.

Nyumbani nako kuna kazi. Mbwa akishatibiwa hapati kinga ya kudumu. Kupe mwingine mwenye ugonjwa akimuuma, anaanza upya. Na kupe huyu wa kahawia anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya ua wako. Jike mmoja hutaga mayai maelfu kwenye nyufa za ukuta. Tena hupenda kupanda juu, kwa hiyo ukikagua kibanda inua macho uangalie na dari. Ziba nyufa. Gunia analolalia lichemshe au ulichome. Kupe aliyeshika mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, bila mafuta ya taa. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kukadiria kwa kizibo, inaweza kumuua mbwa. Daktari wa mifugo atakupa ya mbwa, kulingana na kilo zake.

Sasa wewe unayefikiria kwenda kuchukua wako, pengine kwenye kituo cha KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, kule Karen, Nairobi, au makazi mengine yaliyo karibu nawe. Naomba usichague kwa macho. Kuna mbwa mwenye uvimbe mwekundu unaovuja damu sehemu za siri. Watu hugeuza uso. Huo ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, na wengi hupona kabisa kwa sindano za kila wiki, mara nyingi nne hadi sita. Mwenye upele aliyekwisha manyoya naye hutibika, ingawa aina moja ya upele huwawasha na watu kwa muda, kwa hiyo vaa glavu. Kwa huyu, tafadhali, usiguse oili chafu ya gari. Najua inapakwa sana. Mbwa huilamba, nayo ni sumu. Kwa upande mwingine, mbwa aliyepona ugonjwa wa distempa anaweza kuonekana mzuri kuliko wote, ila mguu mmoja unarukaruka, na ukabaki hivyo maisha yake yote.

Waulize wanaomtunza: dawa yake inaisha lini, na inagharimu kiasi gani kwa mwezi? Nawe jiulize: nani atampa siku nikisafiri? Ukikosa jibu la hilo la mwisho, subiri kwanza. Kisha uliza chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Hili halina mjadala, maana kichaa dalili zikishaonekana, kwa mbwa na kwa mtu, ni kifo. Ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Wasikilizaji wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, najua kwa Waislamu kuna suala la najisi ya mbwa. Madhehebu ya Shafii yanataka chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, na mbwa wa ulinzi yanamruhusu. Basi mwekee vyombo vyake na mahali pake uani. Na mnakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe.

Wangu alianzishwa dozi upya. Safari hii mzee wetu alichukua kipande cha mkaa, na kila jioni baada ya kidonge akachora mstari kwenye ukuta wa kibanda. Wa 28 aliuchora mrefu kuliko yote. Tulipompima tena baadaye, karatasi bado ilisema ana ugonjwa, na moyo ukanipasuka. Daktari akanituliza: kipimo kile husoma kumbukumbu ya mwili, ambayo hubaki miezi au miaka. Akahesabu chembe sahani. Zilikuwa zimerudi.

Tangu siku ile, kila Jumamosi namfunua mdomo. Ufizi ukiwa wa waridi, naubonyeza kwa kidole, unakuwa mweupe, na kabla hujamaliza kuhesabu mbili rangi imerudi. Jaribu kwa wako kesho asubuhi. Ukikuta umepauka, au una vidoa vyekundu kama umechomwa sindano, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.