Mbwa ni Mla Nyama au Mla Vyote? Mada kwa Wafugaji wa Mbwa wa Kicukiro



Swali nililopewa ni fupi, nami nitalijibu mapema. Mbwa ni mla vyote aliyezaliwa katika ukoo wa wala nyama. Mbwa wengi ninaowatibu kuanzia Gatenga hadi Masaka wanaugua kwa sababu wafugaji wao wameshika nusu ya jibu hilo na kuiacha nusu ya pili.

Kuna jambo ambalo hapa Kicukiro haliwezi kurukwa. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, mbwa waliobaki bila wenyewe walikula miili ya waliouawa. Wanajeshi wa RPF, jeshi lililokomesha mauaji hayo, waliwapiga risasi, askari wa Umoja wa Mataifa nao vilevile, na kwa miaka kadhaa nchi ilikaa karibu bila mbwa. Nyanza, walikouawa watu waliokuwa wamekimbilia shule ya ufundi ya ETO, iko katika wilaya hii hii. Kwa hiyo jirani akiniambia hataki kumwona mbwa langoni mwake, simbishii. Ninaowazungumzia leo ni mbwa waliokuja baadaye, wengi wao walinzi wa nyumba zetu, ambao hula tunachowapa na si kingine.

Tuanze na kinywa. Mbwa mzima ana meno 42, paka ana 30. Mbele kuna chonge nne za kushikia windo. Pembeni kuna gego la juu linalopita ubavuni mwa gego la chini kama mkasi, kazi yake kukata nyama. Hayo ni meno ya mwindaji. Lakini nyuma yake yapo magego bapa ya kusagia, ambayo paka hana. Hata hivyo taya la mbwa huenda juu na chini tu, halizunguki kama la ng'ombe anayecheua. Ndiyo maana mbwa humeza mapande badala ya kutafuna.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa wataalamu wamemweka mbwa katika kundi la wala nyama, basi mjadala umekwisha. Panda, anayeshinda akila mianzi, yumo katika kundi hilo hilo. Kundi linaeleza nasaba ya mnyama, halielezi chakula chake. Tazameni hifadhi yetu ya Akagera: bweha, jamaa wa karibu wa mbwa, hula panya, wadudu, mizoga na matunda yaliyoanguka. Mbwa mwitu wenye mabaka, waliokuwa wakiishi huko zamani, waliishi kwa kuwinda swala. Ukoo ni mmoja, riziki ni mbili.

Mbwa wetu ametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha jeni za wanyama hao wawili. Jeni inayotengeneza ndani ya kongosho kimeng'enya cha kuvunja wanga, mbwa mwitu ana nakala zake 2 tu. Mbwa wa kufugwa ana kuanzia 4 hadi 30. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba mbwa wa jamii za wakulima kwa kawaida wana nakala nyingi, ilhali dingo wa Australia na mbwa wa barafuni wana chache. Maana yake ni kwamba maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima yamebadilisha mwili wa mbwa. Ugali si chakula kigeni tumboni mwake.

Mfananisheni na paka. Paka asipopata nyama au samaki hukosa kirutubisho kiitwacho taurini, na kukosa taurini humpofusha na kumdhoofisha moyo. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea taurini kutokana na protini nyingine. Paka hawezi kupata vitamini A kwenye karoti, mbwa anaweza.

Sasa nitakaa kidogo kwenye ugali, kwa sababu hapo ndipo penye kosa letu kubwa. Kwamba mbwa anaweza kuumeng'enya hakumaanishi kwamba unamtosha. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kusini mwa Marekani, watu maskini waliokula mahindi karibu matupu walikuwa wakifa kwa maradhi ya pelagra. Mbwa wao waliugua maradhi yaliyoitwa ulimi mweusi: kinywa kinatoka vidonda, mate yananuka, mnyama anaacha kula na kufa. Daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba maradhi hayo mawili yana chanzo kimoja katika chakula. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliponya mbwa wenye ulimi mweusi kwa asidi ya nikotini, tunayoiita leo vitamini B3, na kwa njia hiyo binadamu nao wakapata tiba. Vitamini hiyo katika mahindi imefungika, mwili hauipati kwa urahisi, na mahindi yana upungufu wa kijenzi cha protini ambacho mwili ungekitumia kuitengeneza. Mbwa waliteseka kwa chakula kile kile kilichomo katika sufuria nyingi ninazoziona nyuma ya mageti ya Kicukiro.

Kosa la pili ni la wenye uwezo. Mwenye mbwa mmoja wa Niboye aliniletea mtoto wa mbwa wa Kijerumani mwenye miguu iliyopinda, hawezi kusimama. Alikuwa akimlisha steki tupu kila siku kwa mapenzi. Steki ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa mtoto unapokosa kalsiamu huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Mbwa mwitu porini hapati tatizo hilo kwa sababu hula windo zima, na mifupa na matumbo.

Tufanye nini basi? Viwango vinavyotumika Marekani vinataka chakula kikavu cha mbwa mzima kiwe na protini asilimia 18, na cha mtoto asilimia 22.5. Unga wa mahindi una takriban asilimia 8. Dagaa wakavu, pamoja na isambaza wetu wa Kivu, ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na mifupa yao midogo ina kalsiamu. Changanya kilo nne za unga na kilo moja ya dagaa wasiotiwa chumvi, utafika karibu na 18. Kwa mtoto, unga kilo mbili kwa dagaa kilo moja. Ongeza mboga, mafuta kidogo, na ini mara moja kwa wiki. Maharage yaliyoiva vizuri yanasaidia, na bucha huuza mapafu na bandama kwa bei ndogo.

Vya kuepuka ni mifupa iliyopikwa, kwa kuwa huvunjika vipande vikali, na vitunguu, zabibu na chokoleti. Juu ya vyote, mahindi yenye ukungu. Nimeona mtu akitenga magunzi yaliyooza na kusema ni ya mbwa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na ini la mbwa ni dhaifu mbele ya sumu hiyo. Mahindi usiyoweza kumpa mtoto wako, usimpe mbwa.

Ndugu washiriki, mbwa wa geti halali usiku kwa ajili yenu. Mkirudi nyumbani jioni hii, fungueni sufuria yake kabla ya kufungua yenu, na mkikuta ugali mtupu, tieni dagaa.