Malipo kwa Matokeo Yahitaji Maandalizi



Kila mwalimu anafahamu kwamba kumfundisha mtoto mzito wa kuelewa ni kazi kubwa kuliko kumfundisha mwepesi, ingawa karatasi ya mtihani haisemi hivyo. Jambo hilo hilo linawakabili leo watu wanaotibu wagonjwa wa akili na walevi nchini Marekani. Yafaa lichunguzwe, maana utaratibu wa kulipa kwa matokeo umekwisha kufika Afrika Mashariki: Rwanda ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2006, na Tanzania iliujaribu mkoani Pwani kuanzia mwaka 2011.

Katika utaratibu wa zamani, kliniki hulipwa kwa kila mara mgonjwa anapohudumiwa. Apone asipone, malipo ni yale yale. Katika utaratibu mpya, mlipaji, awe kampuni ya bima au Medicaid, yaani mpango wa serikali wa tangu mwaka 1965 kwa watu wa kipato kidogo, hufungamanisha sehemu ya malipo na hali ya mgonjwa. Huulizwa, kwa mfano, kama mtu aliyetoka hospitali ya akili alionwa na mtaalamu ndani ya siku 7, au ndani ya siku 30. Mwenye sonona hupewa maswali 9, ambayo jumla ya alama zake ni kutoka 0 hadi 27, ili ijulikane kama hali yake inapungua au inazidi. Mikataba mingine humzawadia anayefanikiwa; mingine humtwisha hasara anayeshindwa.

Nia ni njema, lakini si wote walioanza safari pamoja. Mwaka 2009 Marekani ilitenga fedha nyingi ili hospitali na madaktari waweke kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Vituo vya jamii vya afya ya akili, wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii hawakuwekwa katika mgao huo. Tena, kumbukumbu za waliotibiwa ulevi na madawa ya kulevya zinalindwa na sheria kali za siri tangu miaka ya 1970, na ni haki zilindwe; lakini kwa sababu hiyo taarifa hupita kwa taabu kati ya kituo na kituo. Kumdai mtu takwimu asizopewa nyenzo za kuzikusanya si uadilifu.

Basi maandalizi ni yapi? Kwanza ni hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kituo kisichojua gharama halisi ya kumhudumia mgonjwa mmoja kwa mwaka hakiwezi kujua kama bei ya mkataba itakiinua au itakiangusha. Pili ni kupima: hali ya mgonjwa iandikwe siku ya kwanza, kisha iandikwe tena kila baada ya muda uliopangwa, na mganga aitumie katika tiba, wala isibaki kuwa karatasi ya kumridhisha mlipaji. Tatu ni umoja. Katika jimbo la New York vituo vilisaidiwa na serikali ya jimbo kuungana, ili vidogo navyo viweze kujadiliana na walipaji kwa sauti moja. Nne ni kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi: ni wagonjwa gani watakaohesabiwa, nani atatoa takwimu na lini, na hasara itakomea wapi. Busara ni kuanza na mkataba wa zawadi tu, na kuchukua mzigo wa hasara baadaye.

Hata hivyo, maandalizi ya kituo peke yake hayatoshi ikiwa mkataba wenyewe una kasoro. Historia ya elimu inatoa onyo. Uingereza, kuanzia mwaka 1862, ruzuku ya shule za msingi ilitegemea mahudhurio ya watoto na mitihani yao ya kusoma, kuandika na hesabu. Walimu wakalazimika kuwakaririsha watoto yale tu yatakayoulizwa, na mengine yakaachwa. Utaratibu huo ulikwisha kuondolewa kabla ya karne ile kumalizika.

Kliniki nayo yaweza kutumbukia humo humo. Mgonjwa asiye na nyumba, mwenye maradhi ya akili pamoja na ulevi, huharibu takwimu. Kama mkataba hautambui uzito wa hali yake, njia rahisi ya kupata zawadi ni kumkwepa, na hapo fedha iliyokusudiwa kuleta nafuu itakuwa imemfungia mlango anayeihitaji zaidi.

Kwa hiyo walipaji wana wajibu wa kupima uzito wa ugonjwa na shida za maisha kabla ya kupima matokeo, na kutoa nyenzo kabla ya kudai hesabu. Watoa huduma nao wana wajibu wa kuonyesha kazi yao kwa ushahidi. Wajibu mmoja ukitimizwa na mwingine ukaachwa, atakayeumia ni mgonjwa.