MSHAHARA WA NESI ULIKWAMA NAIROBI
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, katika mkutano wa tawi, Nyeri)



Mimi si mtu wa vitabu vingi. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli. Lakini hesabu ya mshahara naijua, na neno langu la leo ni la mshahara.

Mnaukumbuka mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Mwezi wa Agosti sisi wa njia tulikuwa tukibadilisha mataruma ili gari la moshi lirudi Nanyuki. Siku moja mama yangu alishikwa na presha, nikampeleka hospitali moja ya serikali katika miji yetu hii. Nesi akaniambia nikanunue glavu dukani ndipo amhudumie. Nikapaza sauti. Yeye hakunijibu kwa hasira. Alisema tu, "Ndugu, hata mimi mwezi wa pili huu sijaona mshahara." Nikanyamaza, nikaenda dukani.

Baadaye niliuliza: mshahara wa yule nesi ulikwama wapi? Jibu nililopata ndilo nawaletea.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba zamani mabaraza ya kaunti yalikuwa na kazi ya afya, shule za msingi na barabara. Sheria ya mwaka 1969 iliyanyang'anya kazi hizo, zikahamia Serikali Kuu tangu Januari 1970. Katiba ya mwaka 2010 ilibadili mambo. Tangu 2013 zahanati na hospitali za kaunti, pamoja na wauguzi wake, ziko mikononi mwa kaunti 47. Serikali Kuu ilibaki na hospitali kubwa za rufani za taifa na mipango ya jumla.

Basi kazi ilishuka, lakini mfuko mkubwa ulibaki Nairobi. Ushuru na kodi nyingi, hata ile inayokatwa katika mishahara yetu, hukusanywa na Serikali Kuu. Katiba inasema kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato hayo. Tena kifungu cha 219 kinasema fungu hilo lipelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kupunguzwa. Kwa hiyo si sadaka. Ni haki, kama mshahara ulivyo haki ya aliyefanya kazi.

Sasa tazameni yaliyotokea. Katikati ya mwaka 2020 kila kaunti iliagizwa iwe na vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa wa Korona. Zilitolewa shilingi bilioni 5 za dharura, zikagawanywa kaunti zote. Lakini mwaka mpya wa fedha ulianza tarehe 1 Julai, na fungu lenyewe la shilingi bilioni 316.5 halikutoka. Maseneta walikuwa wakibishana juu ya njia ya kuligawa. Walikaa kikao baada ya kikao bila kupatana. Magavana wakatoa onyo kwamba watasimamisha kazi za kaunti. Mapatano yalipatikana tarehe 17 Septemba 2020. Siku zote hizo ugonjwa haukuwa likizoni.

Katika kazi yetu, dereva hafungiwi mabehewa yote kisha akanyimwa mafuta, halafu akaulizwa kwa nini hajafika Karatina. Kaunti ziliulizwa hivyo.

Hapa pana neno gumu, ndugu zangu, nanyi mnivumilie. Ubishi ule ulikuwa unatuhusu sisi wa Mlima Kenya. Viongozi wengi wa upande wetu walitaka hesabu ya watu ipewe uzito zaidi, na sisi tuliwapigia makofi. Kaunti za sehemu kame zilisema: watu wetu ni wachache, lakini zahanati zetu zimetengana mwendo wa siku nzima. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Mwishowe ilikubaliwa kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa, na fungu la mwaka 2021/22 likapandishwa hadi bilioni 370. Fungu la Nyeri likapita bilioni 6. Sikatai, tulipata. Lakini tulipokuwa tukipiga makofi, nesi wa Nyeri na nesi wa Mandera walikuwa wakilala na njaa ileile. Mwezi wa Desemba wauguzi waligoma nchini, na madaktari wakawafuata. Je, tungewalaumu?

Tena msidhani mambo hayo yalikwisha. Mwaka 2019 fedha zilikuwa zimecheleweshwa na ubishi, na mwaka 2024 ubishi ulirudi. Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila Julai tawi liulize kwa barua: fungu la kaunti limefika au halikufika? Tumwandikie seneta, tumwandikie na gavana. Pili, kaunti ikiita wananchi kusikiliza makadirio ya fedha, twende. Fedha zikifika nazo zaweza kukawia ofisini hapahapa, na gavana asipate kujificha nyuma ya Nairobi. Tatu, tusikubali kugombanishwa na wafanyakazi wa kaunti nyingine. Wabishane juu ya hesabu, lakini mishahara na dawa zisingoje mwisho wa ubishi.

Mama yangu alipona, namshukuru Mungu. Yule nesi sikumwona tena nimwombe radhi kwa kelele zangu. Maneno haya ndiyo radhi yangu kwake.

Umoja ni nguvu.