Siku za Kungoja Majibu ya Kipimo

Aliyeona damu katika choo na kuacha sampuli maabara huwa na usiku mrefu. Hatuwezi kumwambia asihofu. Tunaweza kumweleza la kufanya. Kabla ya kuondoka kituoni, aulize majibu yatatoka siku gani na nani atamfafanulia. Siku hiyo ikipita kimya, arudi kuuliza, kwani kimya cha maabara hakimaanishi kwamba yu salama.

Kishawishi kikubwa kipo kwenye duka la dawa. Antibayotiki inayomezwa kwa kubahatisha yaweza kuficha vijidudu vinavyotafutwa, nazo diklofenaki na ibuprofeni huweza kuchochea damu kuvuja tumboni. Dawa alizoandikiwa na daktari asiziache bila kumwuliza. Anayetumia vidonge vya kuongeza damu, kama wafanyavyo wajawazito wengi, amtajie daktari, maana madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi.

Bawasiri nayo hutoa damu, ni kweli, lakini jirani hawezi kuitambua kwa kusimuliwa. Damu ikitoka kwa wingi, choo kikiwa cheusi na chenye kunata mithili ya lami, au tumbo likivimba huku mtu akitapika na kukosa choo, asingoje tarehe ya majibu. Aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku.